Mbeleko Juu ya Kinu

Jua lilikuwa linazama Sindeni, na Hamisa alikuwa bado hajapata kinu.

Vingine alikuwa navyo, tena vya kutosha. Vililala nyuma ya kirikuu, kigari chake cha mizigo: taa za chemli zisizo na vioo, mabirika yaliyotoboka, pasi ya mkaa isiyo na mpini, viti vilivyokatika kamba. Takataka tupu. Kwa kila takataka alitoa beseni jipya la plastiki, na akina mama wa Sindeni na vijiji vingine vya Handeni waliyapokea mabeseni hayo huku wakikonyezana. Mwanamke mzima, kavaa miwani ya jua, anatoka Korogwe kuja kubadilisha beseni zima na birika bovu! Walicheka mpaka wakashika viuno. Naye ndani ya gari alikuwa akiwacheka wao. Birika hilo hilo akishalipaka rangi ya buluu na kupanda ua ndani yake, anamwuzia mke wa bosi fulani, na mke wa bosi analiweka mezani na kuwaambia wageni limetoka nje. Kwa hiyo siku hiyo kila mtu alimcheka mwenzake, na kila mtu aliamini kwamba mjinga ni yule mwingine.

Hamisa alikuwa na mikono, hilo hatumnyimi. Duka lake la Manundu, pale Korogwe, aliliita Ya Kale Dhahabu, na kitu kibovu kikiingia mle ndani kilitoka kinang'aa. Ila Mungu akikupa mikono si lazima akupe na adabu. Watu waliompa vitu hivyo aliwaita washamba, mbele ya dereva wake Isihaka, ambaye naye ni Mzigua wa huko huko Handeni, kijiji cha Misima.

"Wanakalia mali na hawajui," alisema.

Isihaka alikohoa, akabadilisha gia.

Kinu alikitaka kwa ajili ya Castory, mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi ya Korogwe. Castory alitaka stuli ya mapokezi, kitu cha asili, wageni wakae wapige picha. Hamisa alikuwa ameshaiona kichwani: kinu cha zamani, kimepigwa msasa na vanishi, juu yake mto.

"Dada, kinu hakikaliwi," Isihaka alimwambia. "Ni mwiko. Ukikalia kinu, mama yako hana maisha."

"Mwiko ninaoujua mimi ni wa kusongea ugali."

Basi Isihaka akamwacha. Ukimwamsha aliyelala utalala wewe.

Nyumba ya mwisho ilikuwa nyuma ya ua wa minyaa, imejitenga na nyingine. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja mfupi, mkavu, aliyeitwa Bi Swaumu. Alisimama mlangoni kana kwamba aliambiwa wanakuja. Na uani, peke yake, palikuwa na kinu.

Kilikuwa kimegeuzwa mdomo chini. Kimezungushiwa majivu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umefuata vya zamani."

"Nimefuata kile," Hamisa alisema, akionyesha kwa kidole.

Bibi hakugeuka kutazama. "Kile hakiuzwi."

"Nakupa mabeseni mawili."

"Hakiuzwi. Wala hakigawiwi."

"Kwani kina nini?"

Bibi akashusha sauti. "Kimefunikwa."

Hamisa alimtazama Isihaka na kutabasamu upande mmoja wa mdomo. Alishawazoea hawa. Wakisema hakiuzwi maana yake ongeza beseni.

"Magharibi imeingia," Bi Swaumu akasema. "Nakwenda kuswali. Na mimi nikiswali huwa sitoki upesi..." Aliufunga mlango nusu. "Wala sisikii kitu."

Mlango ukafungwa.

Hebu mtazame mwerevu wetu. Mtu mzima anasimama uani kwake, anakuambia kwa mdomo wake kwamba kwa muda fulani atakuwa kipofu na kiziwi, na wewe hujiulizi kwa nini amekuambia. Hamisa hakujiuliza. Alichowaza ni kwamba bibi amezeeka, akili zimemtoka, na kinu kile kitaozea pale bure.

"Shika huko," alimwambia dereva kwa kunong'ona.

"Sishiki."

"Isihaka!"

"Nifukuze kazi, dada. Sishiki."

Akakishika mwenyewe. Alidhani kitakuwa kizito, kumbe kiliinuka kirahisi, kama kilichosukumwa kutoka chini. Harufu ikampiga usoni. Harufu ya pumba mbichi... ya mahindi yaliyolowekwa... ya jasho la mtu anayefanya kazi.

Ndani ya kinu palikuwa na joto.

Na pale kilipokuwa kimesimama, udongo ulikuwa na unyevu, umebonyea vizuri, laini. Ulikuwa kama mahali ambapo mtu alikuwa ameketi, akainuka sasa hivi.

Ndani ya nyumba sauti ya kisomo ikakatika. Kisha kikasikika kikohozi kidogo, kile cha mtu anayejizuia kucheka.

Hamisa alitupa mabeseni mawili mlangoni na kukimbilia garini. Alijiambia kwamba ameacha malipo, kwa hiyo hajaiba. Njiani kirikuu ilipanda vilima kwa gia ya kwanza ikilia, na Isihaka alisema mara moja tu, bila kugeuza shingo:

"Gari limekuwa zito."

"Ni chuma chakavu hicho," Hamisa alijibu. Wakafika Korogwe usiku.

Kazi aliifanya kwa raha. Aliukata mdomo uliopasuka kwa msumeno, akapiga msasa mpaka mbao ikatoa rangi ya asali, akapaka vanishi. Juu akaweka kifuniko cha ubao na sponji. Kilichobaki ni kitambaa, na kitambaa alikitaka cha zamani kweli, chenye rangi iliyochujuka, kwa sababu wateja wake walipenda vitu vilivyochujuka ilimradi visiwe vimechujukia kwao.

Alikipata chumbani kwa mama yake.

Mama yake, Bi Mwanaisha, alikuwa Mshambaa wa Vugiri, mjane, mwenye mgongo ulionyooka na ulimi usio na breki. Alikaa na Hamisa kwa sababu hakuwa na mwingine. Watoto waliomtangulia Hamisa hawakuishi. Huyu mmoja alipoishi, mama alimbeba mgongoni mpaka watu wakamsema, mtoto anajua kukimbia bado yuko mgongoni. Kanga aliyombebea aliikunja akaiweka kwenye sanduku la bati, na kila mwaka aliianika juani na kuirudisha. Hakuwa na kitu kingine alichokitunza hivyo.

Hamisa hakuomba. Aliona kanga nzuri imelala inaliwa na mende. Akaikata, akaivuta juu ya sponji, akaipiga gundi na misumari midogo midogo pembeni, kwa ufundi wake ule ule ambao alikuwa akijisifu nao, kwamba kazi yake haibanduki.

Bi Mwanaisha aliikuta stuli dukani. Aliinama, akaipapasa.

"Hamisa. Hii si mbeleko yangu?"

"Ilikuwa, mama. Sasa ni mto."

"Mbeleko yangu umeiweka watu waweke matako?"

"Mama, huu unaitwa ubunifu."

"Ubunifu." Mama alilitafuna lile neno kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali. "Wenzako wakikosa adabu huitwa washenzi. Wewe umejitafutia jina."

Akatoka nje. Hamisa akawasha simu yake, akaitegesha mezani imrekodi, akapanga tabasamu, akaketi juu ya stuli kuwaonyesha wateja wa mtandaoni.

Uani, mama yake akaguna.

Aah...

Hamisa alisikia. Wazee huguna, akasema moyoni, akaendelea kutabasamu.

Kesho yake Castory aliichukua stuli. Kesho yake hiyo hiyo Bi Mwanaisha alishindwa kuamka.

Mgongo, alisema. Kisha nyonga. Kisha mwili wote. Hospitali walimpiga picha, wakamwinua mikono, wakasema ni mifupa ya uzee, wakampa vidonge vya maumivu. Walichoweza walifanya. Hafsa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja kusaidia kumgeuza, na ndiye aliyeona kwanza. Alikung'uta shuka dirishani na vumbi likaruka. Alilishika, akalinusa.

"Hamisa... mbona hili ni pumba?"

Hamisa alisema litakuwa limetoka kwa mtu anayetwanga jirani. Manundu hakuna anayetwanga. Watu wanapeleka mashineni. Hafsa hakubishana naye. Lakini jioni ile wote wawili waliusikia mlio. Haukutoka nje. Ulitoka chini ya godoro.

Du... du... du...

Taratibu. Bila haraka. Kama mwanamke anayetwanga huku akiwaza mambo yake.

Bi Mwanaisha alifumbua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Nani ananitwanga?"

Hamisa akavuta shuka amfunike miguu, na hapo ndipo alipoona. Miguu ya mama yake, ambayo siku zote iligusa mbao za mwisho za kitanda, ilikuwa imeishia katikati ya godoro. Mama alikuwa amepungua. Hakuwa amekonda, alikuwa mfupi kuliko jana.

Simu ikaita. Alikuwa Castory, anapiga kwa video, amejaa furaha.

"Dada Hamisa! Njoo uone stuli yako inavyopendwa!"

Kwenye kioo ilionekana sebule ya mapokezi. Mgeni mmoja mnene, mwenye kitambi cha kutangulia mlangoni, alikuwa akicheka huku akijishusha juu ya mto.

Akaketi.

Kitandani Bi Mwanaisha akapiga ukelele.

Mgeni akainuka avute suruali yake. Mama akanyamaza, akahema. Mgeni akaketi tena. Ukelele mwingine, na ndani yake mlio wa kitu kinachovunjika polepole.

"Mwinue!" Hamisa akapiga kelele. "Castory, mwinue huyo!"

Castory alidhani mtandao unakata. Akamwambia hamsikii vizuri, akakata simu.

Hamisa, mwanamke aliyeujua mwiko wa ugali tu, alimpigia Isihaka. Isihaka alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaeleza kwa kunong'ona, kama mtu anayeogopa kusikiwa na chumba chake mwenyewe. Kwao, alisema, mwanamke mchawi akizoea kutwanga usiku, hata akifa hachoki. Hivyo kinu chake hufunikwa juu yake, akae chini. Na anayeachiwa kinu hicho hukilinda mpaka kufa. Hawezi kukiuza. Hawezi kukigawa. Kinatoka kwa njia moja tu.

"Njia gani?"

"Kiibwe, dada."

"Nilipita Sindeni juzi," Isihaka akaongeza. "Bi Swaumu amefungua madirisha yote. Anapika, anaimba. Amenigawia na uji."

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Bibi yule wa minyaa alikuwa amemsubiri mwizi maisha yake yote, na alipomwona Hamisa na miwani yake alijua amefika. Hakuhitaji hila kubwa. Alitangaza tu kwamba anakwenda kuswali.

Hamisa alimwacha Hafsa na mama yake, akakimbilia stendi. Alifika kwa Castory mwanga wa jioni ukiwa bado uko dirishani. Televisheni ilikuwa imewashwa. Castory alikuwa kaunta anakunywa chai.

Juu ya stuli alikuwa ameketi mwanamke.

Alikuwa ameupa mlango mgongo. Amejitanda kaniki nyeusi, na mikono yake, aliyoilaza magotini, ilikuwa myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. Harufu ya mahindi yaliyolowekwa ilijaa sebuleni kote.

"Karibu dada," Castory alisema. "Kama umekuja kuichukua, chukua tu. Tangu yule mgeni ainuke hakuna anayeikalia. Wanasema ina joto."

"Hakuna?" Hamisa aliuliza.

"Si unaiona iko tupu?"

Hata hivyo Hamisa alikwenda. Tumpe haki yake, alikwenda. Alikuwa akimwaza mama yake kitandani, na huyu asiyeonekana na wengine hakuwa ameinuka tangu mgeni yule aondoke. Akapiga magoti nyuma ya ile kaniki.

"Bibi... naomba kiti changu."

"Chako?" Sauti ilikuwa ya upole, ya Kizigua cha zamani kilichojitwika Kiswahili. "Hukukiiba?"

"Mama yangu anakufa."

"Najua. Ni laini. Amewatunza watu vizuri, ndiyo maana ni laini."

"Nakuomba uondoke juu yake."

"Nimekaa chini ya kinu miaka, mjukuu wangu. Acha na mimi nikae juu."

Hamisa akalia. Alikuwa hajalia tangu utoto, aliona kulia ni kazi ya watu wasio na biashara. Akasema hataki stuli, achukue yeye aliyeketi, akae nayo mpaka kiama. Anachotaka ni ile mbeleko, airudishe kwa mwenyewe.

Yule mwanamke alifikiri kidogo.

"Mbeleko ni ya kubebea," akasema. "Ukiitoa hapa, utabeba."

"Nitabeba."

"Utabeba?"

"Nitabeba, bibi, nitabeba!"

Hakuuliza atabeba nini. Mfanyabiashara wa Manundu, anayejua kumpiga mtu bei mpaka asahau jina lake, alikubali mzigo bila kuufungua.

Akaanza kuvuta. Kazi yake haikubanduka. Gundi ilishika, misumari ilishika, kucha zake zikang'oka moja baada ya nyingine huku Castory akiwa amesimama na kikombe mkononi, akimtazama mwanamke anayepigana na kiti kitupu. Alivuta kwa meno. Kanga ikatoa mlio wa kupasuka, ikatoka, imechanika pembeni lakini nzima katikati. Alipoinua kichwa hakuona kaniki wala mikono ya unga. Sponji peke yake, imetobokatoboka.

Alipanda bodaboda. Kijana wa bodaboda alishuka mara moja kulitazama tairi la nyuma, akasema limekaa chini ajabu, akaendelea.

Hafsa alikuwa mlangoni amejishika kichwa.

"Hamisa, ndugu yangu... pole. Mama ametutoka. Magharibi hii hii. Nimemfumba macho. Nimemfunga kidevu kwa mkono wangu huu."

Hamisa alimpita. Chumbani taa ilikuwa inawaka. Juu ya kitanda, mfupi kama mtoto wa kuanza shule, mwili ulikuwa umefunikwa shuka jeupe, na kitambaa kimepita chini ya kidevu na kufungwa utosini. Vile vile Hafsa alivyosema.

Macho yalikuwa wazi.

Kitambaa cha kidevu kikasogea.

"Nibebe," sauti ikasema.

Hafsa alisikia. Alikuwa mlangoni, na mpaka leo anaapa kwa jina la Mungu kwamba alisikia. Alikimbia hakuchukua hata ndala. Hamisa yeye alicheka kwa furaha, akafungua kile kitambaa, akainama, akauvuta ule mwili mdogo mgongoni kwake, akaufunga kwa mbeleko na kupiga fundo kifuani.

Huo ndio mzigo wake sasa. Anatembea nao Manundu mchana kutwa, anafagia nao, anapika nao, analala ameegemea ukuta. Akijaribu kuuketisha popote, kitandani au mkekani, unapiga ukelele kwamba anautwanga. Mwanzoni sisi majirani tulimcheka, maana alikuwa ametucheka vya kutosha. Mwenye duka la dhahabu ya kale kabeba cha kale mgongoni! Watu wa msikiti walikuja kwa heshima wakamwambia maiti ana haki zake, aoshwe, azikwe. Aliwajibu kwamba mama yake ni mzima, anakula. Na kweli anakula. Anakula unga mkavu, kwa kiganja.

Stuli iko kwa Castory. Wameipiga mto mwingine. Watu wanaikalia na hawapatwi na lolote.

Siku moja Isihaka alipita kumjulia hali. Alisimama hatua chache nyuma yake, na kile kilicho mgongoni kikamsalimia, kikamwuliza habari za Sindeni, kwa Kizigua cha ndani kabisa, cha watu waliokwisha kufa. Bi Mwanaisha alizaliwa Vugiri na hakujua Kizigua hata cha kuombea maji. Isihaka aliitikia kwa adabu, akaondoka kinyumenyume. Hamisa hakumwambia kitu, wala yeye hakumwambia Hamisa.

Hafsa ndiye aliyethubutu, wiki iliyopita, kwenye bomba la maji. Alisimama mbele ya Hamisa, akiepuka kutazama juu ya bega lake, akanong'ona:

"Mfungue. Mlete mbele, umwangalie usoni mara moja tu. Utajua."

Hamisa alikuwa ameinama kwa uzito. Kila siku unaongezeka. Jasho lilimtiririka puani.

"Na nikiona siye?"

"Basi utakuwa umejua."

"Nikijua siye, Hafsa, mama yangu atakuwa wapi?"

Sisi wengine tuliokuwa kwenye foleni, tuliozoea kumcheka, tulitazama ndoo zetu. Mgongoni kikasikika kicheko kidogo, kilichozuiwa. Hamisa alipeleka mkono nyuma, akapigapiga taratibu, kama anavyobembelezwa mtoto. Kisha akalishika fundo la mbeleko, akalikaza.